Usuluhishi Usifungiwe Ndani ya Simu

Umezuka wimbo maofisini: kila huduma ipelekwe mtandaoni. Hatuupingi wote. Kanuni za mwaka 2018 ziliporuhusu mashauri yafunguliwe mahakamani kwa njia ya mtandao, wengi walipunguziwa nauli na foleni. Anayebeza faida hiyo ana kasumba.

Lakini kufungua shauri si kusuluhisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwataka wanandoa, isipokuwa kwa sababu maalumu, wafike kwanza mbele ya baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Sheria ya mwaka 1985 ikaunda mabaraza ya kata. Mwaka 2021 baraza la kata liliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, likaachiwa kazi ya kupatanisha, nayo ikapewa siku 30. Je, wajumbe watapatanisha nini ikiwa hawakanyagi mpaka unaogombewa, wala hawawaoni majirani wenyewe wakitazamana?

Tunaambiwa kwamba dunia nzima imekwenda huko. Dunia ipi? Umoja wa Ulaya ulifungua mwaka 2016 jukwaa la mtandaoni la kusuluhisha wanunuzi na wauzaji. Tarehe 20 Julai 2025 ukalifunga, kwa kuwa waliolitumia walikuwa wachache mno. Na huko ugomvi ulikuwa wa bidhaa na huduma tu. Wetu ni wa shamba, ndoa na watoto.

Tuseme wazi nani ataumia. Mkulima asiye na simu ya kisasa atamlipa mtu wa kibandani amjazie fomu, amsomee majibu na kumtunzia nywila. Siri ya nyumba yake itakuwa mikononi mwa mgeni. Tutakuwa tumemfukuza karani mla rushwa mlangoni na kumwingiza dalali kupitia dirishani.

Basi mtandao uitishe vikao, utunze kumbukumbu, na ufichue shauri lililolaliwa na wakubwa. Kikao chenyewe kibaki cha watu, na haki ya mwananchi kufika kwa miguu na kusema kwa kinywa chake isiguswe.

Ndugu watumishi, ndugu walimu, ninyi ndio mtakaofuatwa kwanza na mwananchi aliyekwama. Mkiagizwa kumjibu "nenda mtandaoni", mwulizeni aliyewaagiza: na asiyeweza aende wapi? Mtambo ni mtumishi wa baraza. Ukigeuzwa kuwa bwana, mnyonge hana pa kusemea.