Leseni Mlangoni mwa Ofisi ya Umma

Mwaka 2013 mwanafunzi wangu mmoja alibisha hodi ofisini akiwa na kompyuta yake ya mtumba kwapani. Baada ya shikamoo akasema, "Mwalimu, fomu inanikataa." Alikuwa akiomba ufadhili kupitia tovuti ya taasisi moja ya umma, na kila alipoifungua alikuta kisanduku cha kijivu kinachomtaka aweke toleo jipya la Flash Player. Kompyuta ile ilitumia Linux. Hakuichagua kwa itikadi. Mashine ilikuwa kongwe na Linux ilikuwa bure. Nikampigia simu ofisa mhusika, naye akanijibu kwa upole wa kweli: "Mwambie atafute Windows, Daktari."

Ofisa yule hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu kwamba kwa maneno yale alikuwa akiisemea kampuni ambayo haikumwajiri.

Flash Player ilikuwa programu-jalizi, yaani kipande cha programu kinachopachikwa ndani ya kivinjari ili kionyeshe kile ambacho kivinjari peke yake hakiwezi. Mwenye mali alikuwa Adobe, aliyeipata mwaka 2005 alipoinunua kampuni ya Macromedia. Haikuuzwa, na hapo ndipo wengi wetu tulipoteleza: tuliona haina bei, tukadhani haina masharti. Masharti yalikuwapo. Hukuruhusiwa kuigawa bila kibali maalumu. Ndiyo maana kifurushi cha Flash kilichokuwa katika mfumo endeshi wa Debian hakikuwa na Flash yenyewe ndani yake. Kilikuwa na maelekezo tu ya kuituma kompyuta yako ikaichukue kwa Adobe. Fikiri hilo lina maana gani katika maabara ya kompyuta 40 inayotegemea modemu moja. Mkufunzi aliyenakili programu ile kwenye diski mweko na kuwagawia wenzake alikuwa, kwa mujibu wa karatasi, mvunja mkataba.

Je, mtu angeweza kutengeneza kichezeshi chake mwenyewe? Adobe ilichapisha maelezo ya muundo wa faili za Flash, lakini kwa miaka mingi iliyatoa kwa sharti kwamba msomaji asiyatumie kuunda kichezeshi kingine. Sharti hilo liliondolewa Mei 2008. Kabla ya hapo, watu wa mradi wa GNU waliokuwa wakiunda kichezeshi huria kiitwacho Gnash walilazimika kuzipasua faili zenyewe na kubahatisha.

Kisha ukaja mwaka 2012. Adobe ikatangaza kwamba toleo la 11.2 ndilo la mwisho ambalo mtumiaji wa Linux angeweza kulichukua moja kwa moja. Angeendelea kupata marekebisho ya usalama tu. Aliyetaka matoleo mapya ilimbidi atumie kivinjari cha Chrome cha Google, kwa kuwa Flash mpya ya Linux ilikuja imefungwa humo. Kufikia mwanzo wa 2016 watumiaji wa Windows walikuwa wamekwisha kufika toleo la 20. Baadaye mwaka huohuo Adobe ikabadili mawazo na kuwarudia watu wa Linux. Mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kuhitimu. Kumbukeni kwamba kompyuta yake haikuwa na ubovu wowote. Uamuzi wa kibiashara uliofanywa mbali na hapa ulimkuta kwenye mlango wa serikali yake.

Najua nitaambiwa kwamba Flash imekufa, na ni kweli: Adobe iliizika rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Lakini tazameni ilivyozikwa. Masomo, michezo na michoro ya miaka 20 ilizimika siku zile, na walioanza kuifukua walikuwa watu wa programu huria, kwa kichezeshi kiitwacho Ruffle, ambacho Internet Archive ilianza kukitumia kuhifadhi kazi hizo Novemba 2020. Waliokuwa wakikatazwa kutengeneza ufunguo ndio walioitwa nyumba ilipofungwa na mwenyewe kuondoka.

Wala tabia yenyewe haijafa. Tarehe 18 Septemba 2017 shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha utaratibu wa kuziruhusu video zilizofungwa kwa kufuli za kidijitali zionekane ndani ya kivinjari. Siku hiyohiyo shirika la EFF lilijiuzulu uanachama kwa kupinga. Leo kufuli linalotumika sana ni Widevine, mali ya Google. Chromium, kivinjari huria ambacho Chrome hujengwa juu yake, hakiji nalo. Chrome huja nalo. Msimbo wote wa Chromium ni wako kuusoma na kuubadili, isipokuwa kile kipande kimoja unachokihitaji ili uone video uliyoilipia.

Sina ugomvi na haki ya kampuni kuweka masharti juu ya mali yake. Asiyeyataka na asiinunue. Ugomvi wangu ni na ofisi ya umma inayoyageuza masharti hayo kuwa masharti ya uraia. Mwananchi anayedai huduma anayostahili kisheria halazimiki kwanza kutia saini mkataba na mtu wa tatu, na kubofya "Nakubali" ni kutia saini, hata kama hakuna aliyewahi kuusoma.

Wala tusiambiwe kwamba hatuna uwezo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni ya OpenOffice iliruhusu; hakuna aliyepanda ndege kwenda kuomba ruhusa ya kutafsiri neno "faili".

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoandika zabuni, na miongoni mwa wasomaji wangu mpo, muongeze kifungu kimoja: kwamba huduma yoyote ya umma ya mtandaoni ifanye kazi yote katika angalau kivinjari kimoja huria juu ya mfumo endeshi huria, bila programu-jalizi yenye leseni ya mtu binafsi, na mzabuni aoneshe hivyo mbele ya kamati kabla ya kulipwa. Kompyuta ya jaribio naweza kuwaazima. Ninayo ofisini, ni ya mtumba.