Ufundi wa viumbe vya Ziwa Tanganika

Watu wakaao Uvira, Baraka, Kalemie na Moba huliona Ziwa Tanganika kila asubuhi, hata wamelizoea. Wengi huliona kama shamba la ndakala na mikeke, basi. Juma hili twataka kuwaonyesha wakaaji wengine wa ziwa lile, ambao hawana sifa sokoni, lakini maisha yao yastahili kujulikana.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe. Urefu wake ni kilometri 670 hivi, na penye kina kikubwa kabisa lashuka metri 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu lililipitalo kwa kina, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi. Lakini msidhani ya kuwa samaki hukaa tangu juu mpaka chini. Hewa wanayoivuta imo katika maji ya juu tu: upande wa kaskazini huishia karibu na metri 100, upande wa kusini huendelea chini zaidi. Maji yaliyobaki hayana hewa, wala hapana samaki awezaye kuishi humo. Kwa sababu hiyo wakaaji wote wamesongamana juu, na wengi hasa kandokando penye mawe. Jamaa moja tu, ndugu za tilapia, ina aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Penye msongamano namna hii, kila mmoja hana budi kuwa na kazi yake.

Tuanze na mnyonge kuliko wote. Ni mdudu wa maji, mwangavu kama kioo, mwenye umbo la kisahani cha santimetri 2 hivi. Watu wa pwani humwita konyeza. Hana mfupa wala mapezi. Akitaka kwenda, huukaza mwili wake kisha huulegeza, kama mtu afungaye mwavuli na kuufungua: maji husukumwa nyuma, naye huenda mbele. Ndugu zake karibu wote hukaa katika bahari ya chumvi. Kwa sababu hiyo Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alitoa kitabu mwaka 1903 akishikilia ya kuwa Tanganika ulikuwa zamani mkono wa bahari. Wataalamu waliomfuata walionyesha ya kuwa sivyo: ziwa hili lilizaliwa katika ufa mkubwa wa nchi kavu, miaka milioni nyingi iliyopita.

Sasa tushuke chini penye mchanga. Hapo yuko samaki ambaye wataalamu humwita kalipterusi. Jike lake hutaga mayai ndani ya nyumba tupu ya konokono. Lakini nani atamletea nyumba hiyo? Ni dume. Huiinua kwa kinywa chake, huibeba, na kuiweka pamoja na nyingine mpaka apate kijiji kizima. Asipoziona zilizo tupu, huziiba kwa jirani yake, pengine na jike mwenyewe akiwa ndani! Tazameni jinsi kazi ilivyoumba miili yao. Abebaye sharti awe mkubwa. Aingiaye sharti awe mdogo. Dume humpita jike uzito zaidi ya mara 12, na haijulikani katika dunia nyama mwingine yeyote ambaye dume lake humzidi jike wake kwa kadiri hiyo. Jike akiisha kutaga hukaa humo ndani siku nyingi, akiyapepea mayai kwa mapezi yake ili yapate maji mapya.

Wa tatu ni mwizi. Chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Humvizia mtu wake kwa nyuma, humrukia ghafula, humng'oa magamba ubavuni na kukimbia. Ajabu ni kinywa chake: hakikunyoka, kimepindika upande. Wengine wamepindika kuume, wengine kushoto. Aliyepindika kuume hushambulia ubavu wa kushoto wa mwenzake. Aliyepindika kushoto hushambulia ubavu wa kuume. Mjapani Michio Hori aliwachunguza samaki hao muda wa miaka 11, na mwaka 1993 akaeleza habari zao. Aliona ya kuwa makundi hayo mawili hupokezana. Wezi wa upande mmoja wakizidi kuwa wengi, samaki wengine huulinda sana ubavu uleule unaoshambuliwa mara nyingi. Hapo wezi wa upande wa pili hupata nafasi, hushiba, huzaa kwa wingi. Kisha mambo hugeuka tena. Kwa hiyo hapana kundi limalizalo jingine.

Wa nne ni mwerevu kupita kiasi. Yajulikana ya kuwa samaki wengi wa Tanganika huyalinda mayai yao kinywani. Mama huyaokota mara anapoyataga, hukaa nayo mdomoni, na siku zile hali chakula sawasawa. Sasa yuko samaki mdogo wa ukoo wa kambale, mwenye madoadoa meusi. Wakati mama yule anapotaga, kambale huyu hupita upesi na kuyaacha mayai yake katikati. Mama huyaokota yote bila kujua. Mayai ya mgeni huanguliwa kwanza, na watoto wake huwala watoto wa mwenye nyumba mlemle kinywani. Mama maskini anawalea waliomwulia wanawe.

Je, mafundisho ya habari hizi ni nini? Ni kwamba maisha ya kila mmoja yamefungwa na kitu kidogo. Yule dume kubwa hana kijiji pasipo nyumba za konokono. Samaki anayejilinda na mwizi hana kinga asipoona vizuri. Sasa miti ya milimani ikikatwa ovyo, mvua huuchukua udongo mpaka ziwani. Maji huwa machafu, mawe hufunikwa, nyumba za konokono huzikwa katika matope. Wataalamu waliohesabu viumbe kandokando ya ziwa wamekuta ya kuwa mahali penye matope mengi aina ni chache kuliko mahali penye maji safi. Haba na haba hujaza kibaba, na udongo nao ni vivyo hivyo. Tena wako watu wanaovua kwa vyandarua vya mbu, wakikokota watoto wa samaki wasio na faida kwa chungu wala kwa soko.

Mwaka 2003 Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa hili pamoja. Ni jambo jema. Lakini mapatano hayapandi mti kwenye mteremko wala hayamnyang'anyi mtu chandarua. Kazi hiyo ni ya wenye mashamba na wenye mitumbwi. Nanyi wanafunzi mkaao karibu na ziwa, siku maji yanapotulia, inameni penye mawe mtazame kimya. Mtaona wengi wakiwa kazini.