Jina la mwenzako ni amana

Vijana wenzetu wa Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, na ninyi wa Beni,

Mtu anapiga hodi. Iko na tableti mkononi, anaongea kwa heshima. Uchunguzi wa afya, anasema. Maswali ya kwanza ni mepesi: miaka yako, masomo, chanjo. Kisha: "Nitajie watu watano unaoongea nao sana mambo ya maisha yako." Unataja yaya yako, rafiki wa chuo, motari wako, mama anayekukopesha makala sokoni. Kwa kila mmoja anauliza: anaishi wapi? Anafanya kazi gani? Aligonjwa? Anajuana na yule mwingine? Mwishoni unasaini. Wewe umekubali. Na wale watano, nani aliwauliza?

Hatukatai sayansi. Maswali haya yana maana, kwa sababu ugonjwa unapita kwa watu: anayekuogesha, anayelala nawe, anayekuja kwenye matanga. Uvumi unapita njia hiyo hiyo, na msaada pia. Tuliona wakati wa Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1/8/2018 na kumalizika tarehe 25/6/2020. Ilitutolea watu 2.287. Chanjo ilifuata mduara: waliomkaribia mgonjwa, kisha waliowakaribia hao. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa. Bila majina, mduara ule haungewezekana. Majina yaliokoa watu, tuseme hivyo bila kuficha.

Lakini tunakumbuka pia gari likisimama mlangoni, majirani wote wakitazama. Kuandikwa kwenye orodha kulikuwa kama kuhukumiwa. Wengine walitoroka, wengine walificha watu wao. Mwezi wa 9 mwaka 2018, watafiti waliuliza watu 961 wa Beni na Butembo: karibu robo hawakuamini kwamba Ebola iko kweli, na chini ya mmoja kwa watatu waliwaamini viongozi wa hapa. Kisha uchaguzi wa mwezi wa 12 ukaahirishwa kwetu mpaka mwezi wa 3 mwaka 2019, na Ebola ikatajwa kama moja ya sababu, wakati inchi ilikuwa tayari na rais mpya. Mtu asiyekuamini hawezi kukupa jina la mama yake.

Na hapa kwetu, orodha ya nani anajuana na nani haiko karatasi ya hospitali tu. Tumeishi na makundi yenye silaha, na tangu 6/5/2021 jimbo letu likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kila kijana hapa anajua hofu ya namba yake kuonekana kwenye simu ya mtu mubaya.

Watatuambia: "Tutafuta majina." Ni vizuri, lakini haitoshi. "Mwanamke, miaka 34, mjane, anauza petroli kwenye njia panda fulani, kaka yake ni polisi." Nani wa kartie hiyo hatamjua? Jina limefutika, mtu amebaki.

Inchi yetu iko na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13/3/2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Ilisainiwa Kinshasa. Ni sisi wa kuidai ifike mpaka hapa.

Kwa hiyo tunaomba, kwa kila uchunguzi wa namna hii:

1. Watu watajwe kwa A, B, C au kwa jina la utani. Karatasi yenye majina ya kweli ibaki kwa mwenye nyumba.

2. Ugonjwa na mambo ya siri ya mtu asiyekuwepo yasiulizwe bila ruhusa yake mwenyewe.

3. Kabla ya swali la kwanza, tuambiwe habari zitawekwa wapi, nani atazifungua, na tarehe gani zitafutwa. Zisifike kwa polisi, kwa jeshi wala kwa chama chochote.

4. Watafiti warudi kutueleza walichokipata, kwa Kiswahili na Kinande.

Ndugu zetu mnaobeba tableti, tunajua kazi ni ngumu kupata. Lakini ni ninyi mtakaobaki hapa mradi ukiisha. Ulizeni wakubwa wenu maswali haya kabla hatujawauliza ninyi.

Na wewe unayesoma, tusichanganye mambo mawili. Ugonjwa ukizuka na munganga akauliza ulikuwa na nani, sema, sema haraka, maana kunyamaza kunaweza kumuua yule unayemficha. Lakini uchunguzi wa kawaida hauna haraka hiyo. Una haki ya kujibu: "Huyo simtaji, nitamuuliza kwanza." Hakuna anayeweza kukunyima dawa kwa sababu hiyo.

Afya yetu tuilinde. Na watu wetu pia.

Sisi, vijana wa Bulengera