Abaya si kitambaa

Leo sisemi singo wala mishono. Nasema karatasi ya forodha, maana hapo ndipo pesa za bi harusi zinapopotea, na hapo ndipo wengi wetu tunasema uongo tukauita biashara.

Kuna mwaka nilileta abaya 40 kutoka Dubai, sita kati yake oda za maharusi. Wakala aliyenitolea mzigo akaandika "vitambaa". Sikumuuliza, nilifurahi ushuru utakuwa mdogo. Mzigo ukafunguliwa. Kitambaa gani kina mikono na vifungo? Ukakaa bandarini siku 19, nikalipa ushuru wenyewe, faini na gharama za kuhifadhi. Bi harusi mmoja aliingia ukumbini na abaya ya kuazima. Mama yake hadi leo hanisalimii vizuri, na ana haki.

Baada ya hapo nilikaa na kitabu cha ushuru cha Afrika Mashariki. Mimi nimeishia sekondari na kozi ya ushonaji, lakini niliyoyakuta mle ni mambo ya fundi. Sura ya 61 ni nguo za kitambaa cha jezi, kinachovutika kama fulana. Sura ya 62 ni za kitambaa kisicho cha jezi, kama nida. Mtandio na shela ni 6214, au 6117 zikiwa za jezi. Nyuzi zikichanganywa, hutazamwa ile iliyozidi kwa uzito. Na nguo ya kufunga mbele, kulia ikilala juu ya kushoto ni ya kike, kinyume chake ya kiume, isipokuwa mkato wenyewe uonyeshe vingine. Isiyojulikana huwekwa kwa wanawake. Yaani forodha wakishindwa, wanatutupia sisi!

Neno abaya lenyewe hulikuti katika vichwa vya sura hizo. Iliyofungwa kama gauni inaelekea 6204. Ile ya wazi, ya kuvaa juu ya nguo nyingine, ndiyo yenye ubishi: ni joho la 6202 au ni nguo nyinginezo za 6211? Ukiwa na shaka, TRA wanatoa uamuzi kwa maandishi kabla mzigo haujafika. Omba.

Kwa pesa, ubishi huo hautupunguzii kitu. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha pamoja cha Afrika Mashariki ni asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo humo, juu ya bei pamoja na nauli na bima. Kinachowavuta watu ni kuita nguo kitambaa. Wengine wanapendekeza tulete vipande vilivyokatwa tuje kuunganisha huku. Nalo limeshafikiriwa: nguo isiyomalizika, ikiwa tayari ina umbo la nguo, huhesabiwa nguo.

Shoga yangu mmoja aliniambia ushuru wenyewe ni dhulma, kwa hivyo kuuficha si dhambi. Mimi si ustadhi. Asilimia 35 inaniuma, hasa kwa mwenye mabegi mawili tu, na tuwaambie wakubwa hivyo kwa sauti. Lakini nami nina cherehani, na nakiri ushuru huo ndio unaonipa nafasi ya kushindana na abaya za dukani. Na ankara ina jina langu, si la wakala. Siwezi kuitia saini nikijua ni uongo, kisha nikasimama kuswali adhuhuri.

Siku hizi naandika mwenyewe: kitambaa gani, jezi au si jezi, asilimia ngapi polista, idadi, imefungwa au wazi. Wakala anapokea hivyo hivyo. Bi harusi namwambia bei ya abaya mbali, ushuru mbali, na namwonyesha risiti. Wapo wanaokimbilia kwa anayeuza rahisi. Waende. Walioolewa Shawwali iliyopita walipata nguo zao kabla ya siku ya hina.

Oda za Shawwali hii nafunga mwisho wa Rajab.