KASUKU ASIOGESHWE KWA NGUVU

Najua wako watakaocheka wakiona kichwa cha habari hii. Watasema, mitihani imekaribia, na huyu atuletea habari za kuogesha ndege! Nawaomba wacheke kwanza, kisha wasome mpaka mwisho, kwani naona jambo hili lina funzo kwa kila mtu aliye na kiumbe chini ya mkono wake.

Nyumbani kwetu Mombasa yuko kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyekaa na nyanya yangu tangu mimi sijazaliwa. Kibali chake cha serikali kimewekwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hupiga hodi, humwita paka, na nyanya akikohoa naye hukohoa. Likizo iliyopita, siku mbili kabla ya Idi, nilimwona amejaa vumbi jeupe, nikaona ni aibu wageni wamkute vile. Nikamshika kwa kitambaa, nikamtia katika beseni, nikamsugua kwa sabuni ya kufulia kama mtu afuavyo kanzu. Alipiga kelele, akaniuma kidole, nami nikajisifu kwamba kazi imekwisha. Jioni ile alikaa chini ya tundu akitetemeka, manyoya yamemgandama mwilini. Nyanya alikesha naye. Alipona, alhamdulillahi, lakini kwa wiki nzima hakusema neno, na hata leo nikinyosha mkono hurudi nyuma.

Daktari wa wanyama alinieleza makosa yangu pasipo kunitukana. Lile vumbi nililodhani ni uchafu si uchafu. Kasuku wa kijivu ana manyoya madogo ambayo ncha zake husagika zikawa unga, na unga huo humsaidia kuyatunza manyoya mengine. Tena karibu na mkia ana tezi ya mafuta, ambayo huyachukua kwa mdomo na kujipaka. Sabuni huyaondoa mafuta hayo, na hapo manyoya hayazuii maji tena, baridi ikamwingia. Tena ndege hujisafisha kwa mdomo, kwa hiyo sabuni iliyobaki huila. Basi fikirini: ndege huyu kwa kawaida hafiki uzito wa nusu kilo, nami nilimzamisha katika beseni la kufulia nguo za watu wanane!

Baada ya kusikia hayo, wako wasemao, "Kama ni hivyo, aachwe kabisa asiogeshwe. Ndege wa mwitu huogeshwa na nani?" Mimi sikubali. Ndege wa mwitu huogeshwa na mvua, na majani yenye umande. Kasuku wetu yu chini ya bati. Mvua huisikia, lakini haimfikii. Asipopata maji, ule unga humzidi, na ngozi yake hukauka ikawasha. Na sisi tunaolala chumba kimoja naye twauvuta unga huo vifuani mwetu, jambo baya hasa kwa mwenye pumu. Kumnyima maji ni kosa, na kumzamisha ni kosa vile vile.

Basi njia iliyo sawa ni hii, nami sasa naifuata. Asubuhi, jua likiisha kupanda, huweka sahani pana yenye maji safi yasiyo baridi kali, kina chake kama vidole viwili. Simgusi. Siku ya kwanza aliitazama tu kwa jicho moja. Siku ya tatu aliingiza mguu. Wiki ya pili alioga mwenyewe, akapiga mabawa hata sakafu ikalowa, na nyanya akacheka mpaka akakaa chini. Asiyependa sahani aweza kunyunyiziwa maji mepesi kutoka juu, kama manyunyu ya mvua, wala si usoni. Au afungiwe majani mabichi ya mchicha yaliyolowa maji, ajisugue nayo. Chupa ya kunyunyizia iwe mpya. Iliyowahi kutiwa dawa ya mbu isitumike kamwe. Sabuni isitiwe, wala dawa ya kuulia viini. Aoge mahali pasipo upepo, na mapema, ili akauke kabla ya usiku. Akiwa mgonjwa, aachwe.

Najua maji ni taabu katika mitaa yetu, na mama hawezi kumpa ndege ndoo ambayo watoto wanaingoja. Lakini kikombe kimoja au viwili vyatosha, na maji yakiisha kutumika humwagiwa mche wa pilipili.

Wengine husema, "Ndege hana akili, mbona wamsumbukia?" Huko Marekani, Dkt. Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa jinsi hii, aitwaye Alex, tangu 1977 hata alipokufa ndege huyo mwaka 2007. Alex aliweza kutaja rangi, maumbo na hesabu ndogo. Kiumbe wa namna hiyo hasahau mkono uliomtia katika povu. Mimi ni shahidi.

Kwa hayo yote sitaki mtu atoke hapa akatafute kasuku wa kumwogesha. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa huko Johannesburg, ilikubaliwa kwamba biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa mwituni ikomeshwe, kwa sababu wamepungua sana. Wengi hufa njiani wamebanwa katika masanduku. Hapa Kenya ni kosa kumfuga bila kibali. Asiye naye asinunue. Aliye naye kwa halali ajue kwamba ndege huyu aweza kuishi miaka 40 na zaidi, basi huenda akarithiwa na watoto wake.

Wazee walisema mnyonge hana haki. Methali hiyo yaeleza dunia ilivyo, lakini haituamuru tuifanye iwe hivyo. Mimi nilikuwa na nguvu, kasuku hana, nikaitumia nguvu yangu nikidhani namfanyia wema. Nadhani mara nyingi hata sisi wakubwa wa mabweni twawafanyia hivyo wadogo wetu, tukasema ni kuwafundisha usafi. Waalimu na wazazi watanisahihisha nikikosea. Lakini naona kuweka maji na kungoja kwafundisha zaidi kuliko kuzamisha.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kufuga ni vivyo hivyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu