Damu yako si misumari!

Leo naacha mambo ya programu kidogo, mtanisamehe. Kuna hawa wauza bangili za sumaku wanaozunguka na semina zao hapa Nairobi. Hoja yao ni hii: damu ina chuma, sumaku huvuta chuma, kwa hiyo ukivaa bangili damu itatembea vizuri. Uongo mtupu, tena uliovishwa koti la sayansi.

Jamani, chuma peke yake hakitoshi. Kila elektroni ni kisumaku kidogo. Mbili zikikaa mahali pamoja ndani ya atomu, lazima zielekee pande tofauti, na usumaku wao unafutana. Inayovutwa ni elektroni pweke, isiyo na jozi. Sasa, mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell waliipima hemoglobini kwa sumaku. Iliyobeba oksijeni haikuonyesha elektroni pweke hata moja. Yaani sumaku haiivuti, inaisukuma! Kidogo mno, lakini inaisukuma. Ikishaachia oksijeni, kila atomu ya chuma inabaki na elektroni pweke 4, nayo huvutwa kinyonge tu.

Mtaniuliza, mbona msumari unarukia sumaku? Kwa sababu humo atomu zimebanana, na elektroni pweke za mabilioni ya atomu zinaelekea upande mmoja. Kwenye damu kila atomu ya chuma imefungiwa katikati ya molekuli kubwa, na maji yanayoizunguka yenyewe husukumwa na sumaku. (Sisi waandika programu tunalijua hili: mistari ileile ukiipanga vingine, programu ni nyingine.)

Tofauti ya damu hizo mbili ina kazi ya kweli. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kuiona ndani ya ubongo. Lakini mashine ya hospitali yenye tesla 1.5, inayoweza kunyakua mtungi wa oksijeni, haimnyonyi mgonjwa damu. Itakuwa bangili?

Mjomba wangu ana presha. Amenunua bangili, na vidonge sasa anameza akikumbuka. Hilo ndilo linaloniudhi, pesa zake ni shauri lake.

Wakija mtaani kwenu, nunueni damu ya mbuzi buchani, muimimine kwenye sahani, kisha mmwambie muuzaji aivute na bangili yake mbele ya watu. Tutasubiri.