Siku Thelathini Si Mwezi Mmoja



Kesi hupotea kwa njia mbili: kwa kukosa ushahidi, au kwa kuchelewa. Hii ya pili ndiyo inayouma zaidi, maana mwenye haki hurudishwa nyumbani bila kusikilizwa, na mwajiri hushinda bila kujibu neno.

Sisi wa Kwapa tuko mpakani. Wengine twalala wilaya ya Tororo na kutafuta kibarua ng'ambo, Busia au Malaba ya Kenya. Wenzetu nao huvuka kuja viwanda vya huku. Kwa hiyo jua kwanza sheria ya nchi gani inasimamia kazi yako. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi miaka 3 kufungua kesi. Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka aliyefukuzwa bila haki apeleke malalamiko kwa Afisa wa Kazi katika miezi 3. Akichelewa, ni lazima aeleze sababu ya kuridhisha. Anayefanya kazi Tororo huku akihesabu kwa kalenda ya Kenya anajichimbia shimo.

Sasa tuje kwenye rufaa. Ukishindwa mbele ya Afisa wa Kazi Uganda, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Viwanda. Ukishindwa mbele ya hakimu wa chini Kenya, ni siku 30 vilevile. Ukiumia kazini Kenya na hukuridhika na uamuzi wa Mkurugenzi juu ya fidia, una siku 60 za kumpelekea pingamizi. Ukishapokea jibu lake, una siku 30 za kwenda mahakamani.

Siku hizo huhesabiwaje? Tuchukue mfano. Uamuzi umetolewa tarehe 3 Machi. Siku hiyo yenyewe haihesabiwi. Tarehe 4 ndiyo siku ya kwanza. Hadi 31 Machi ni siku 28, na siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Wengi husema, "Nina mwezi mmoja," wakafika tarehe 3 Aprili. Hao wamechelewa siku moja! Jumapili zilizo katikati zinahesabiwa zote. Ila siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya serikali, unaruhusiwa kufika siku ya kazi inayofuata.

Kosa jingine ni kungoja nakala ya hukumu. Kwa rufaa zitokazo mahakama za chini, sheria za nchi zote mbili huondoa katika hesabu muda ambao mahakama imeutumia kutayarisha nakala. Lakini utaonyeshaje muda huo ikiwa hukuomba? Omba kwa barua siku ileile, ubaki na nakala yenye muhuri. Kwa Mahakama ya Rufaa, Kenya na Uganda, notisi hutolewa ndani ya siku 14, nayo haingoji nakala. Baada ya notisi kuna siku 60 za kupeleka kitabu cha rufaa. Ukitaka muda wa kutayarisha mwenendo wa kesi uondolewe katika siku hizo 60, uwe umeuomba kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na upande wa pili umepewa nakala ya barua yako.

Maoni yetu ni haya. Sheria inayompa kibarua siku 30 bila mtu yeyote kumwambia ni haki nusu. Mwajiri ana wakili wa kumhesabia siku. Mkata miwa ana vidole vyake tu. Twadai kila anayetoa uamuzi, awe Afisa wa Kazi au hakimu, aitaje kwa sauti tarehe ya mwisho ya rufaa, kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, na aiandike juu ya karatasi anayompa.

Lakini tusingoje serikali. Kila tawi liwe na daftari la kesi. Mwakilishi wa wafanyakazi aandike tarehe ya uamuzi, tarehe ya kuomba nakala na tarehe ya mwisho, na awakumbushe wahusika wiki mbili kabla. Daftari ni bei ndogo kuliko rufaa iliyotupwa.

Nawe ndugu, ukitoka mahakamani usianze na kilio. Anza na kalenda, kisha njoo tawini siku hiyohiyo.

Umoja ni nguvu!